Mpaka Uliochipua

Mpendwa yaya, kaka yangu mkubwa,

Kwa heshima zote zinazostahili, mbele ya Mungu, mbele ya Leta, yaani serikali ya Wabelgiji, na mbele ya mbuzi wa jirani ambaye ameshuhudia jambo hili tangu mwanzo hadi mwisho, natangaza rasmi kwamba kiti chako kimehamishwa. Kilikuwa upande wa kushoto wa mlango, sasa kiko upande wa kulia. Safari yenyewe ilikuwa ya hatua mbili. Haikuombewa ruhusa, haikuandikwa kwenye kitabu chochote, na hadi ninapoandika hakuna polisi aliyefika. Nimeona nikuarifu kwa sababu wewe ndiye mtu pekee ninayemjua ambaye angeifurahia habari hii.

Sababu ya kukihamisha: paa linavuja upande wa kushoto.

Barua hii iko wazi. Bahasha ninayo, ila anwani yako sina, na kufunga bahasha isiyo na mahali pa kwenda ni kujisumbua bure. Nimeiandika mara mbili. Moja nitampa mtu wa meli inayoshuka mto Lualaba, nyingine nitampa mtu wa treni ya Kongolo. Anayejua kusoma na awasomee wengine. Kama kati ya wasikilizaji yuko mtu mrefu, mwenye kovu la panga kwenye kidole gumba cha kushoto, anayetikisa kichwa kabla sentensi haijaisha, basi ndiye. Aambiwe imetoka kwa mdogo wake, yule aliyemfuata katika tumbo la mama.

Nimepata umri wa kukukumbuka bila kukasirika. Sijui kama huo ni ukomavu au ni uchovu. Nikikuwaza, mara nyingi nakuona kwenye kivuko, siku ile tuliyotoka kijijini, njia ya Kailo, tukaja kuvuka mto kuingia Kindu. Mimi nilikuwa na karatasi yangu ya ruhusa, nimeikunja mara nne na kuifunga ndani ya kitambaa. Wewe ulikuwa na ndizi. Polisi wa kivuko alikusimamisha.

"Karatasi iko wapi?"

"Karatasi ya kitu gani?"

"Ya safari."

"Safari njo hii, unaiona. Miye niko hapa, miguu iko hapa. Karatasi itakuambia nini kingine?"

"Itaniambia nani amekuruhusu kutoka kwenu."

"Mama. Alisema nisichelewe."

Polisi alicheka sana. Alipomaliza kucheka akakupeleka bomani, ukafagia uwanja siku mbili. Nilikungojea nje ya ua, nikila ndizi zako. Siku ya pili ulisogea karibu na ua ukiwa na ufagio, ukaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti: "Mdogo, leo nimeombea miguu ruhusa. Siku watakayotaka niombee pumzi, nitachelewa kidogo kufika, na hapo njo mwisho wangu." Nilikuuliza kama unataka ndizi iliyobaki. Ulisema ni yako, kwa hiyo huwezi kuitaka, unaweza tu kurudishiwa.

Ndivyo ulivyokuwa. Wengine walikuwa na dini, wewe ulikuwa na swali moja: hiki ni cha nani? Ulimwuliza shefu wa kijiji kuhusu kuku wa kodi mpaka akaanza kupitia njia nyingine. Ulimwuliza katekista kuhusu bustani ya Adamu, nani aliifyeka. Ulimwuliza hata mama, aliyekuwa amekesha na meno yanamuuma, na sahani ya sombe, majani ya mihogo, iko mbele yako inatoa mvuke.

"Mama, chakula hiki ni cha nani?"

"Ni cha aliyekipika," mama alisema. "Wewe nenda ukale swali lako."

Ulikaa na njaa hadi alasiri. Uliheshimu jibu.

Fundisho lako lote lilikuwa fupi, liliingia kwenye kiganja. Mtu ana mwili wake. Akitumia mwili huo kufyeka msitu, pale alipofyeka ni pake. Akipanda mti, mti ni wake, na watoto wake, na watoto wao. Mengine yote, ulisema, ni watu wenye kofia. Mimi nilipenda kukuchokoza, kwa sababu nilikuwa sijui kufanya kitu kingine na mtu ninayempenda.

"Na kabla ya kufyekwa, yaya? Msitu ulikuwa wa nani?"

"Wa aliyeufikia kwanza."

"Basi ni wa nyani."

"Nyani hakufyeka."

"Tembo amefyeka sana kule juu ya kijito."

Tulitembea kitambo kirefu. Tulipofika nyumbani ukasema, bila kunitazama, "Tembo aje mwenyewe aseme."

Sikukuambia wakati ule, lakini nilikuwa upande wako. Nilikuwa upande wako kama mtu alivyo upande wa mvua: anaifurahia akiwa ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa nimeshaanza kazi kituo cha treni, nimejifunza kusoma kwenye masanduku. Maneno yangu ya kwanza ya Kifaransa yalikuwa "juu", "chini" na "kinavunjika", na kwa maneno hayo matatu niliweza kuwaelewa wazungu kwa miaka miwili. Mengine niliyaokota taratibu. Ndiyo maana walipotafuta mtu wa kutafsiri kwenye kazi ya kupima, walinichukua mimi, na ndiyo maana nilikuwepo.

Unalikumbuka shamba la mama. Nalitaja kwa ajili ya wasomaji wengine. Lilikuwa upande wa pili wa kijiji, lina michikichi aliyoipanda yeye mwenyewe alipoolewa, na kati ya michikichi alilima mihogo mpaka udongo ukachoka. Akauacha ulale. Kwetu shamba hulala miaka, majani yanapanda, msitu unaanza kurudi, na kila mtu anajua ni la nani, kwa sababu mpaka wake una mimea ya majani mekundu iliyopandwa na watu wawili: wewe unashika shina, jirani yako anafukia. Mmoja peke yake hawezi kupanda mpaka. Mama na mama wa jirani waligombana kwa miaka kumi kuhusu kuku, wakatukanana hadi babu zao, lakini mpaka hawakuugusa hata kwa maneno.

Halafu akaja yule mpimaji tuliyemwita Bwana Munyororo, kwa sababu ya mnyororo wake wa kupimia, ambao aliuamini kuliko macho yake. Alikuwa mtu mpole. Alivaa miwani, akatembea ndani ya shamba la mama kwa adabu, kama mtu anayepita ndani ya chumba cha mgonjwa. Kisha akaniambia niandike kwamba mahali hapa hapana mwenyewe. Nilimwambia ni pa mama yetu. Akauliza kama mama yetu analima hapa. Nikasema pamelala. Akasema, "Basi," na lile "basi" likaingia kwenye karatasi. Kampuni ilitaka kupanda michikichi. Nilimwonyesha michikichi ya mama. Alisema kweli inaonekana ardhi inafaa.

Zilihitajika nguzo za kuonyesha mpaka mpya. Akataka nyoofu, imara, zenye urefu wa mtu. Ukaajiriwa wewe, kwa chumvi na shuka moja, na wewe ulikubali kwa sababu, ulisema, chumvi haina kosa.

Watu walisema baadaye kwamba ulipanga yale yaliyotokea. Hukupanga. Nilikuwepo. Ulikata nguzo kama mtu yeyote wa kwetu anavyokata nguzo: mbichi, kutoka kwenye mti ule wa nyua, ambao ukiuchomeka unashika mizizi. Nani kwetu huchomeka mti mkavu? Mchwa wataula kabla mwezi haujaisha. Ulikuwa unafanya kazi nzuri, basi. Bwana Munyororo alizitazama nguzo zako zimepangwa mstari mmoja kutoka kijitoni hadi barabarani, akaniambia nikuambie kwamba hajawahi kuona mstari mzuri kama huo tangu atoke kwao. Nilikuambia. Ulifurahi, usikatae.

Akaondoka. Mvua zikaja.

Aliporudi hakuona nguzo. Aliona miti. Ilikuwa na majani, ilikuwa na matawi, na juu ya mmoja ndege ameshajenga. Alitembea kutoka mti hadi mti akigusa magome, na mnyororo wake unaburutika nyuma. Mimi nilikuwa nyuma ya mnyororo. Nilijizuia nisicheke, na nadhani hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyokuwa na kitu cha kuzuia.

Tuliitwa mbele ya bwana mkubwa wa teritwari, yaani wilaya, aliyekuja na meza yake ya kukunja. Shefu alikaa pembeni akiwa na kofia. Bwana Munyororo alikaa. Wewe ulisimama, mimi nilisimama katikati. Swali lilikuwa moja: kwa nini umeharibu alama za Leta? Nililitafsiri kama lilivyo. Ukajibu, na jibu lako ninalo hadi leo. Nimelitunza, neno kwa neno, kwa sababu wakati ule sikulitumia.

"Mwambie hivi," ulisema, "na usiniharakishe. Shamba la mama wanasema halina mwenyewe kwa kuwa limelala. Sawa. Hata yeye analala, na mke wake hatujamgawa, lakini sawa. Mimi niliambiwa nichomeke vijiti, nikachomeka. Vijiti vile viko wapi? Hakuna. Iko miti. Nani aliipanda? Njo miye. Kwetu muti njo wa muntu aliyeupanda. Basi, wachukue nchi, wana bunduki. Ila mupaka huu njo wangu, na siuuzi. Anayetaka kuuvuka, aniombe ruhusa. Nitamwandikia karatasi."

Watu waliokuwa nyuma walicheka. Shefu alivua kofia, akaitazama ndani.

Bwana mkubwa akanigeukia. "Amesema nini?"

Yaya, nyuma ya meza ile alisimama askari mwenye kiboko, ulikiona, kila mtu alikiona, kilikuwa kirefu kuliko sababu yoyote. Nilikifikiria kiboko, halafu mgongo wako, halafu mama. Niseme ukweli wote: nilifikiria pia kazi yangu kituoni. Nikasema kwa Kifaransa: "Anaomba msamaha. Hakujua kwamba miti ingeota. Ataing'oa mwenyewe."

Bwana mkubwa akaguna, akatazama lile jibu refu lako likiwa limekuwa fupi, nadhani akajua. Lakini lilimfaa. Akafunga meza.

Hukuelewa. Ulidhani umeshinda, ulisimama pale umenyoosha mabega, watu wakikushika mkono. Ni shefu aliyetangaza jioni ile, uwanjani, kwa lugha yetu, kwamba ndugu yetu ameomba radhi kwa Leta na ataing'oa miti yote kabla ya Jumapili. Uligeuka ukanitazama. Nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa na viatu, wewe hukuwa navyo.

Nilijua unachoweza kufanya. Ungeweza kurudi kwa bwana mkubwa na mtu wa misheni anayejua Kifaransa, ukarudia maneno yako, na mimi ningekula kile kiboko pamoja na kufukuzwa kazi, kwa sababu mtafsiri anayedanganya hana wa kumtetea. Nilikaa ndani siku ile nikingoja. Asubuhi nikasikia panga. Nilienda nikakukuta unang'oa. Ulianzia kijitoni. Uliing'oa yote, mmoja mmoja, ukaichimba mizizi ili isirudi, ukaiweka kando ya njia kama maiti za watu wanaoheshimiwa. Nilishika mti mmoja nikusaidie.

"Acha," ulisema. "Huu si wako."

Nikauacha. Ukafanya kazi hadi jua likapita kichwani. Kisha ukasema, kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza: "Maneno yangu njo mali yangu, mdogo. Umeyahamisha bila kuniuliza. Hawa watu wa Leta, wao angalau huleta mpimaji."

Siku tatu baadaye ulikuwa umeondoka, kwa njia ya msituni, upande wa Kampene, bila karatasi. Kiti chako ulikiacha. Mama hakuniuliza chochote. Aliendelea kupikia watu watatu.

Watu wa Leta walikuja kuniuliza uliko. Nikasema sijui, na mara hiyo ilikuwa kweli. Wakafungua daftari la kijiji, wakapiga mstari juu ya jina lako kwa wino mwekundu, karani akapuliza wino ukauka. Baadaye kukawa na maneno. Mchimbaji mmoja wa Kampene alisema alimwona mtu mrefu aliyekataa kuweka kidole kwenye mkataba, akisema kidole hicho kina mwenyewe. Mwingine alisema uko Obokote, unakata mbao, una mke. Mwingine alisema umekufa kwa homa. Niliyasikiliza yote kwa namna moja. Sijui nikuelezee vipi hali hii: ni kama kulala juu ya mkono, ukaamka ukauona mkono uko pale, ni wako, unaugusa, hausemi kitu.

Mama alikufa katika kiangazi cha pili. Nilinawa, nikala, nikarudi kazini. Watu walisema nina moyo mgumu. Nilitamani ingekuwa kweli.

Sasa nakaa Kindu, katika siti, mtaa waliotengewa weusi. Nina kiwanja chenye namba na nyumba ya vyumba viwili. Ningependa kukuambia ni changu, lakini nakujua, utaniuliza. Karatasi inasema naruhusiwa kukaa hapa kwa muda wote ambao Leta haitapahitaji. Nimeisoma mara nyingi kutafuta mahali penye jina langu kama mwenyewe. Jina langu lipo kama mkaaji. Nafagia vizuri, napanda maua mbele, napata sifa kwa mkaguzi. Jioni sauti ya tarumbeta ikisikika naingia ndani, kwa sababu baada ya hapo barabara si yetu. Nimekuwa yule mtu uliyekuwa unaogopa tutakuwa, na nakuhakikishia haiumi. Hilo ndilo tatizo lake.

Sikubaliani nawe hata leo katika kila jambo. Mtu aliyefyeka peke yake sijawahi kumwona; daima yuko mwingine aliyemletea maji. Hata mpaka wa mama ulihitaji mikono minne. Fundisho lako halikuwa na mahali pa yule wa kufukia. Lakini lilikuwa na mahali pa mama, na la Leta halikuwa na mahali pa yeyote kati yetu, kwa hiyo nimeamua kulitunza hivyo hivyo, na tembo wake.

Mwezi uliopita niliitwa. Leta imeanza kuzunguka na kuuliza wenyeji, kwa utaratibu wenye mihuri, kama ardhi fulani fulani zina wenyewe kabla ya kampuni kuongezewa. Tarishi aliniambia ni ardhi ya njia ya Kailo, upande wa kijiji chetu, na kwamba mimi ndiye niliyebaki wa ukoo. Nilikuwa na siku kumi na mbili za kujiandaa. Nilitoa maneno yako mahali nilipoyatunza, nikayatafsiri upya, taratibu, na safari hii sikuacha hata moja. Mke wa bwana mkubwa, yule uliyemtaja katika jibu lako, alinisumbua kidogo, nikamwacha humo ndani. Ile karatasi ya ruhusa uliyoahidi kuandika nikaiacha humo pia.

Nilivuka mto, nikaenda. Alikuwa bwana mwingine, kijana, mwenye adabu, ana kalamu nzuri. Akauliza kama ardhi ile ina mwenyewe. Nilisimama, nikasema kwa Kifaransa jibu lako lote, kwa jina lako, na nikaongeza kwamba kaka yangu hakuomba msamaha hata siku moja, ni mimi niliyeuomba, na kwamba miti aliing'oa ili kunificha mimi. Watu wa kijiji walikuwa nyuma. Hawakuelewa Kifaransa. Nilimaliza. Nilisubiri kusikia kitu ndani, hata kidogo. Nilisikia mbuzi.

Kijana yule alinishukuru. Akamwomba karani jalada, wakalifungua, wakalipindua huku na huku, wakanong'ona. Kisha akaniomba radhi kwa usumbufu: uchunguzi wa siku ile ulihusu kipande cha ng'ambo ya kijito. Shamba la mama limo ndani ya hati ya zamani ya kampuni. Alikuwa mwema, akanigeuzia karatasi nisome mwenyewe.

Basi, yaya, kaa salama popote ulipokaa bila kuruhusiwa. Kama uko hai, usirudi kwa ajili yangu. Rudi kama njia ni fupi. Kama hauko hai, barua hii imesomwa na mtu mwingine, naye namwomba anisamehe kwa kumpotezea muda. Nilikuwa nimekusudia kumalizia kwa kuomba msamaha wako, kwa maneno yangu mwenyewe, yasiyo ya mtu mwingine. Ila nimeona kwanza ujue kilichoandikwa kwenye ile hati. Kampuni ilipewa shamba la mama miezi minane kabla Bwana Munyororo hajafika kupima.

Mdogo wako